Mkwaruzo wa Upande wa Pili

Mnada wa mizigo iliyokosa wenyewe,
stesheni ya Tabora, Jumamosi, jua la saa nne:
baiskeli isiyo na mnyororo, gunia la michembe,
sanduku la bati, na ndani yake,
chini ya koti lililoliwa na mende,
santuri moja.
Kwenye ganda, nyangumi kabebeshwa ngazi,
na ngazi inaishia kwenye jicho la mtu aliyelala.
Nilinunua ganda, elfu tatu.
Muziki ulikuwa nyongeza.

Fundi Mihambo wa Kanyenye ana mashine ya santuri
aliyoifufua kwa mkanda wa cherehani.
Upande wa kwanza, nyimbo tano; tukavumilia.
Upande wa pili, wimbo mmoja.
"Mmoja?" akauliza Sizya,
aliyepiga besi ukumbi wa reli miaka kumi na minane.
Mmoja. Dakika ishirini na mbili.
"Basi huo si wimbo. Hiyo ni safari ya Urambo."

Kinanda kilianza kama nyuki
mrinaji akishagonga gome.
Ngoma zikaingia kwa mguu usiotarajiwa,
gitaa likapanda, likashuka, likasahau lilichofuata,
filimbi ikapita kama mtu aliyekosea mlango,
akaomba radhi,
akakaa.
Kisha mwanamume akaimba kwa lugha
ambayo hata Nyamizi, mwalimu, hakuithibitisha.

Nyamizi hufundisha hesabu. Alikuwa na chaki mfukoni,
akahesabu mapigo juu ya meza ya Mihambo:
saba. Saba tena. Tano. Kumi na moja.
"Mnasikia? Wanatembea kwa namba tasa!"
"Tasa kweli," akasema Sizya,
"hazizai hata hatua moja ya dansi."
Na kwa kuwa alipenda kushinda kwa mizani, akaongeza:

*Wimbo usio mlango, wageni waingiepi?*
*Umejengwa kwa maringo, kiuno nitikisepi?*

Nyamizi akajibu papo hapo:

*Mzinga nao ni pango, mlango huuonapi?*

Mshororo wa nne akautafuta darini,
akaukosa, akacheka, akaomba chai.

Ila dakika ya kumi na nne ilitupatanisha.
Hapo palikuwa na sauti nne na pumzi,
sauti nne na pumzi,
kama behewa lenye gurudumu bovu
likivuka maungio ya reli,
tena na tena na tena,
hadi lori la tumbaku lilipopita nje
na wimbo ukazinduka.

"Huo ni msiba," akasema Nyamizi. "Mfiwa husema neno lilelile."
"Hicho ni kiitikio," akasema Sizya. "Hatimaye, watu wenye adabu."
Akasimama, na goti lake bovu, akacheza.
Mimi nilisema ni ujasiri: nani mwingine
angethubutu kusimama hapo muda wote huo?
Jioni tatu tulilibishania hilo
na hakuna aliyekuwa upande wa pili.

Jioni ya nne Nyamizi alikunja uso juu ya chaki zake.
"Juzi mara kumi na tisa. Jana thelathini na moja.
Tasa zote," akanong'ona, karibu alie kwa furaha.

Mihambo, aliyekuwa akichomea redio ya mtu,
hakuinua macho.
Alichukua sarafu ya shilingi mia,
akaiweka juu ya mkono wa sindano.

Sauti nne na pumzi.
Mara moja.
Zikapita, kama jirani anayekusalimu akiwa na haraka.

Kilichofuata kilikuwa kizuri, sitawadanganya:
kwaya nzima ikipanda ile ngazi ya nyangumi,
ngoma zikiwa chini kabisa kama mvua ya Sikonge.
Hakuna aliyesikiliza.
Sizya alitazama viatu vyake.
Nyamizi akafuta meza kwa kiganja, polepole,
zile kumi na tisa kwanza.

"Iondoe hiyo mia," akasema Sizya.

Mihambo hakubisha. Akaiondoa, akarudisha sindano.
Sauti nne na pumzi.
Sauti nne na pumzi.
Treni ya Kigoma ikapiga honi, ikaondoka.
Tukakaa, tukingoja lori.